Danny Whitten: Aliyeimbiwa onyo angali hai

Wimbo mashuhuri wa roki wa Neil Young kuhusu sindano na madhara yake haukungoja mazishi. Ulipotoka Februari 1972 katika albamu ya Harvest, ukiwa na gitaa moja na sauti moja tu, mtu aliyemhuzunisha mtunzi wake kuliko wote alikuwa bado hai: Danny Whitten, mpiga gitaa mwenzake.

Whitten alizaliwa 1943 mjini Columbus, katika jimbo la Georgia, Marekani. Huko California aliunda kikundi cha uimbaji pamoja na Billy Talbot na Ralph Molina, na hao watatu ndio waliokuja kuwa bendi ya Crazy Horse nyuma ya Young. Wanaomkumbuka kwa uraibu wake pekee humpunja. Katika wimbo wa Cinnamon Girl wa 1969, sauti ya juu ni yake, na gitaa lake ndilo lililompa Young mtu wa kujibizana naye.

Alisumbuliwa na baridi yabisi ya magoti, na heroini ikawa kwake kituliza maumivu kabla ya kuwa bwana wake. Baada ya Crazy Horse kutoa albamu yao wenyewe mwaka 1971, wenzake walimwondoa katika bendi.

Mwishoni mwa 1972 Young alimwita shambani kwake California kwa mazoezi ya ziara kubwa. Whitten alikuja, lakini vidole havikufuata tena muziki. Young alimpa dola 50 na tiketi ya ndege ya kurudi Los Angeles. Usiku huohuo, Novemba 18, alifariki kwa mchanganyiko wa pombe na vidonge vya Valium, akiwa na umri wa miaka 29. Kwa miaka mingi Young alijiona mwenye hatia.

Mwaka 1977 utunzi wa Whitten, I Don't Want to Talk About It, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa sauti ya Rod Stewart. Young naye alikwisha kutoa, 1975, albamu ya maombolezo iitwayo Tonight's the Night. Humo aliingiza wimbo uliorekodiwa jukwaani New York mwaka 1970, ambamo Whitten mwenyewe anaimba, kwa uchangamfu wa kijana asiye na wasiwasi, juu ya safari ya mjini kutafuta dawa.