Johnny Unitas: Mkono Uliokataliwa Mara Mbili

Mpimaji akikosea kipimo, hasara haimwangukii mpimwaji peke yake. Ukweli huu umo katika maisha ya marehemu Johnny Unitas, Mmarekani aliyesifika kwa mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi wala hatuutazami. Hata hivyo maisha yake yana mazingatio makubwa kwa kila aliyekabidhiwa dhamana ya kuajiri watu na kuwaachisha kazi.

Alizaliwa tarehe 7 Mei, 1933, huko Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma na moshi wa makaa. Baba yake, aliyekuwa na biashara ndogo ya kusambaza makaa ya mawe, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka mitano. Mama mjane akaishika biashara ile, akaongeza na kazi nyingine, akawalea watoto wake wanne. Katika nyumba hiyo Johnny alijifunza kwamba kazi haimngoji mtu amalize kulia.

Mpira wa Kimarekani huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, na mpira wenyewe umechongoka ncha zote mbili. Mchezaji aitwaye kwotabeki ndiye nahodha wa chombo. Huupokea mpira karibu kila zamu ya kushambulia, na kabla wapinzani hawajamwangusha hana budi kuamua: ampe mwenzake wa karibu, au aurushe kwa aliye mbali? Siku hizi aghalabu mashambulizi hupangwa na walimu walio kando ya uwanja. Zama za Unitas, mwenye kupanga alikuwa yeye mwenyewe, palepale uwanjani, huku saa ikikimbia.

Mwaka 1955, alipotoka Chuo Kikuu cha Louisville, alichaguliwa na timu ya mji wake, Pittsburgh Steelers. Alihudhuria mazoezi yote, lakini katika michezo ya majaribio hakupewa hata dakika moja ya kucheza. Kisha akaachishwa. Hakushindwa mtihani, kwa kuwa mtihani wenyewe hakupewa. Alikuwa tayari ana mke, basi akashika kazi ya ujenzi, na siku za michezo akaichezea timu ya mtaani, Bloomfield Rams, kwa ujira wa dola 6 kwa mchezo.

Mwaka 1956 timu ya Baltimore Colts ilimchukua awe mchezaji wa akiba. Kwotabeki wao alipovunjika mguu katika mchezo dhidi ya Chicago Bears, Unitas aliingizwa. Mpira wake wa kwanza ulidakwa na adui, akakimbia nao hadi kufunga. Siku hiyo Colts walishindwa kwa pointi 58 kwa 27. Mwalimu mwenye haraka angalimrudisha benchi asionekane tena. Mwalimu wake, Weeb Ewbank, aliendelea kumtumia.

Subira hiyo ililipa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huo hadi 1960, Unitas alitoa pasi ya bao katika michezo 47 mfululizo, na rekodi hiyo ilidumu hadi 2012. Tarehe 28 Desemba, 1958, katika fainali iliyochezwa Yankee Stadium, New York, Colts walikuwa nyuma na muda ulibaki chini ya dakika mbili. Pasi kwa pasi aliwaongoza wenzake, wakasawazisha zikiwa zimesalia sekunde 7. Kwa mara ya kwanza fainali ya ligi hiyo ikaingia muda wa nyongeza, ambamo afungaye kwanza ndiye mshindi. Aliwavusha yadi 80, wakashinda 23 kwa 17 mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni. Mwaka uliofuata wakatwaa tena ubingwa. Waliomwachisha kule Pittsburgh walingoja ubingwa wao wa kwanza hadi Januari, 1975.

Unitas alistaafu mwaka 1974, akiwa mchezaji wa kwanza kuvusha yadi 40,000 kwa pasi. Lakini mwili ulikuwa umelipa gharama. Mkono wa kulia, alioumia vibaya mwaka 1968, ulidhoofika uzeeni hata vidole vikakosa nguvu. Hakuweza kufunga vifungo vya shati kwa mkono huo, wala kushika uma, wala mswaki. Aliomba malipo ya ulemavu kutoka mpango wa pensheni wa ligi, akakataliwa. Kwa maelezo yake, hoja mojawapo ilikuwa kwamba alipaswa kuomba kabla ya kutimiza miaka 55, hali mkono ulimpotea baada ya umri huo.

Basi mkono mmoja ulikataliwa mara mbili: kwanza kabla ya kujaribiwa, na tena baada ya kutumika ukaisha. Kosa la kwanza alilisahihisha mwenyewe kwa jasho lake. La pili hakuwa na uwezo nalo, kwa sababu lilikuwa mikononi mwa wenye kanuni. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 11 Septemba, 2002, akiwa na umri wa miaka 69. Mwaka huo huo sanamu yake ilisimamishwa mbele ya uwanja wa Baltimore, akiwa katika mkao wa kurusha mpira.

Sanamu ni heshima, wala hatuidharau. Lakini aliye hai huhitaji haki yake kabla ya sanamu. Wenye kalamu ya kuajiri na wapime kwanza ndipo wahukumu, na wenye kalamu ya pensheni wakumbuke kwamba kanuni iliyowekwa kwa ajili ya mtumishi haifai kuwa ukuta wa kumzuia. Apuuzaye mambo hayo mawili hujikosesha hazina leo, na kesho hujitwisha deni.