James Lind na juisi ya malimau

James Lind alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1716. Mwaka 1739 aliingia katika jeshi la majini la Uingereza kama msaidizi wa daktari mpasuaji. Katika safari ndefu za wakati ule, kiseyeye kiliua mabaharia wengi kuliko mizinga ya adui: fizi zilivimba na kutoa damu, meno yalilegea, na vidonda vilivyopona zamani vilifunguka tena.

Dawa zilizosifiwa hazikukosekana. Mwaka 1601 nahodha James Lancaster alikuwa tayari amewanywesha watu wake maji ya limau. Lakini siki, mitishamba na hata maji ya bahari navyo vilikuwa na watetezi wake. Nani alisema kweli?

Tarehe 20 Mei 1747, ndani ya merikebu Salisbury, Lind alichagua wagonjwa 12 waliofanana kwa dalili. Aliwaweka mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Kila jozi ilipata dawa yake: kileo cha tufaha, matone ya asidi, siki, maji ya bahari, bandiko la kumeza la kitunguu saumu, haradali na mimea mingine, au machungwa mawili na limau moja kwa siku. Matunda yaliisha baada ya siku 6. Hata hivyo, mmoja wa waliokula matunda alikuwa karibu kurudi kazini, na mwenzake akapewa kazi ya kuwauguza wengine.

Mwaka 1753 Lind alichapisha kitabu kikubwa juu ya kiseyeye. Jaribio hilo lilichukua kurasa chache tu kati ya zaidi ya 400, nalo likamezwa na nadharia. Yeye mwenyewe aliendelea kuamini kwamba hewa yenye unyevu huziba jasho na kuharibu mwili. Tena, ili juisi isioze baharini, alishauri ipashwe moto kwa saa nyingi mpaka iwe nzito. Ilihifadhika vizuri, lakini moto na hewa viliiondolea sehemu kubwa ya nguvu yake, naye hakuwa na njia ya kujua.

Kuanzia 1758 hadi 1783 aliongoza tiba katika hospitali ya Haslar, ambako aliona wagonjwa wa kiseyeye kwa mamia. Alifariki mwaka 1794. Mwaka uliofuata, kwa juhudi za daktari Gilbert Blane, jeshi la majini liliamuru mabaharia wapewe maji ya limau.

Kilichopotea katika sufuria kilitambuliwa katika miaka ya 1930: vitamini C, ambayo mwili huihitaji ili kuunganisha nyama na ngozi, na ambayo hukinga chembe zisiharibiwe na oksijeni. Wakemia waliiita asidi askobiki, yaani asidi inayozuia kiseyeye. Kati ya kurasa za 1753 na amri ya 1795 ilipita miaka 42, na mabaharia waliendelea kuzikwa baharini.