Mary Shelley na Kiumbe Asiye na Jina

Wengi wetu tukisikia Frankenstein tunadhani ndilo jina la zimwi. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka nilipokisoma kitabu chenyewe. Kumbe Frankenstein ni mwanasayansi, na kiumbe aliyemuunda hakupewa jina lolote! Nikataka kumjua aliyetunga mambo haya.

Mary alizaliwa London, Uingereza, tarehe 30 Agosti 1797. Mamake, Mary Wollstonecraft, mwandishi aliyetetea haki za wanawake, alifariki siku 11 baadaye. Mwaka wa 1814, akiwa na miaka 16 kama mimi, alitoroka na mshairi Percy Shelley, mume wa mtu. (Kwetu angetafutwa na chifu!) Februari 1815 alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku kutimia. Kitoto kikafa baada ya wiki mbili hivi. Katika shajara yake aliandika kwamba aliota mtoto alikuwa amepatwa na baridi tu, wakamsugua karibu na moto akawa hai. Hapo niliacha kusoma kwanza. Mdogo wangu alizaliwa na miezi saba, na nakumbuka mama akimfunga kifuani usiku na mchana.

Mwaka wa 1816 walikuwa karibu na Geneva, Uswisi. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka uliotangulia, majivu yakaharibu hali ya hewa, ikawa mvua na baridi tupu. Wakajifungia nyumbani, na Lord Byron akataka kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Siku hizo watu walizungumza sana juu ya umeme. Mwaka wa 1803 Giovanni Aldini alikuwa ameutia mwilini mwa muuaji aliyenyongwa London, taya likatikisika na jicho likafunguka! Mary, miaka 18, akaanza kuandika.

Victor Frankenstein anaokota viungo vya maiti, anaviunganisha, anavitia uhai. Kiumbe anafungua macho. Victor naye anafanya nini? Anatoroka! Eti sura inatisha. Kiumbe anajifunza lugha kwa kujificha karibu na nyumba ya watu, anapigwa, anafukuzwa, mwisho anaua. Darasani wenzangu walisema kosa la Victor ni kuumba. Mimi nikabisha mpaka kengele ikalia. Kosa kubwa ni kumtupa. Mwaka wa 2018 He Jiankui wa Uchina alitangaza kuzaliwa kwa pacha aliowabadilisha jeni wakiwa viinitete, akafungwa mwaka uliofuata. Yeye alifungwa, sawa, lakini wale watoto je? Nani atawaangalia wakikua?

Kitabu kilitoka Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Wengine wakadhani ni cha Percy. Percy alikufa maji mwaka wa 1822, na katika watoto wao wanne alibaki mmoja tu, ambaye Mary alimlea peke yake kwa kalamu yake. Mary alifariki tarehe 1 Februari 1851. Kitabu alikirekebisha mwaka wa 1831, akabadilisha mengi, lakini kiumbe bado hakumpa jina.