John von Neumann: Mtaalamu aliyeuliza iwapo mashine yaweza kuzaa

MTOTO wa nyoka ni nyoka, lakini je, mashine yaweza kuzaa mashine? Swali hilo, ambalo wengi wangeliona mzaha, lilimshughulisha mwanahisabati John von Neumann katika miaka 10 ya mwisho ya maisha yake. Jibu lake ni mojawapo ya misingi ya viumbe wanaozaliana na kufa ndani ya michezo ya tarakilishi.

Von Neumann alizaliwa Desemba 28, 1903 jijini Budapest, Hungary, katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza. Babake alikuwa mwanabenki. Kufikia mwaka wa 1926, alikuwa amehitimu uhandisi wa kemia mjini Zurich na kupata shahada ya uzamifu katika hisabati jijini Budapest. Mnamo 1933 aliteuliwa profesa katika taasisi ya utafiti ya Princeton, Marekani, alikofanya kazi pia Albert Einstein.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alishiriki katika mradi wa siri wa Los Alamos, New Mexico. Hesabu zake zilichangia kuundwa kwa bomu lililoangushwa Nagasaki, Japani, Agosti 9, 1945. Wiki chache kabla ya maafa hayo, ripoti yake ilikuwa imeeleza jinsi tarakilishi inavyoweza kuhifadhi maagizo yake katika kumbukumbu moja na data. Tarakilishi nyingi zingali zinafuata mpango huo.

Vita vilipokwisha, aligeukia uhai. Mnamo Septemba 1948, katika mhadhara mjini Pasadena, California, alilikabili fumbo la kale. Mfinyanzi hufinyanga chungu, lakini chungu hakifinyangi chungu. Kinachoundwa huwa duni kuliko kilichokiunda. Mbona basi viumbe huzaa watoto walio sawa nao, na hata kuwapiku?

Alieleza kwamba mashine ingeweza kuzaa iwapo ingebeba maagizo ya kujiunda. Maagizo hayo yangetumika mara mbili: kwanza yasomwe ili mtoto aundwe, kisha yanakiliwe na kukabidhiwa mtoto huyo. Kosa dogo katika kunakili lingemfanya mtoto atofautiane na mzazi, na pengine amzidi.

Mnamo 1953, James Watson na Francis Crick walifichua umbo la DNA. Baadaye ilibainika kwamba maumbile yalikuwa yakitumia utaratibu uo huo tangu jadi.

Kwa ushauri wa rafiki yake Stanislaw Ulam, Von Neumann aliachana na vyuma, akachukua mfano wa ubao wa drafti usio na mwisho. Kila mraba ungekuwa katika mojawapo ya hali 29, na ungebadilika kulingana na miraba jirani.

Hakuimaliza kazi hiyo. Mnamo 1955 aligunduliwa kuwa na saratani, ambayo baadhi ya watu waliihusisha na mionzi ya majaribio ya mabomu, ingawa haikuthibitishwa. Aliaga dunia Februari 8, 1957 jijini Washington, akiwa na umri wa miaka 53. Mwenzake, Arthur Burks, aliikamilisha miswada yake na kuichapisha mwaka wa 1966.

Mnamo 1970, Mwingereza John Conway aliurahisisha ubao huo, akabakisha hali mbili tu: hai na mfu. Mwaka wa 1987, Christopher Langton aliandaa kongamano la kwanza kuhusu uhai bandia papo hapo Los Alamos, bomu lilikoundwa. Mnamo 1996 ulitokea mchezo wa Creatures wa Steve Grand, ambao viumbe wake huanguliwa, hujifunza, hurithishana tabia na kufa.

Wasomi wangali wamegawanyika. Wapo wanaoshikilia kuwa uhai ni utaratibu wala si nyama na damu, hivyo kiumbe wa tarakilishi anaweza kuwa hai kikweli. Wengine hupinga, wakisema mvua iliyochorwa hailoweshi shamba.

Von Neumann mwenyewe alijihadhari. Alikiri kwamba kwa kuuweka kando mwili na kushughulikia mantiki pekee, alikuwa ameitupa nusu ya swali, na kwamba huenda nusu hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi.