Wembe Mwembamba na Mtu Aliyeubuni

Wapo vijana, hasa wanafunzi wa vyuo, wanaoamini kwamba kidevu hakiwezi kulainika pasipo mashine yenye nyembe tano, povu la mkebe na marashi ya bei ghali. Mimi sikubaliani nao. Wembe mwembamba wenye makali pande mbili, ule unaouzwa madukani kwa shilingi chache, unatosha kabisa. Maisha ya mtu aliyeubuni yanatuonyesha kwa nini.

King Camp Gillette alizaliwa mwaka wa 1855 mjini Fond du Lac, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Jamaa yake ilihamia Chicago, na moto mkubwa ulioteketeza jiji hilo mwaka wa 1871 ukaiangamiza biashara yao. Ikambidi kijana huyo ajitafutie riziki kwa kuchuuza bidhaa mji hadi mji. Baadaye aliuza vizibo vya chupa vya kampuni ya William Painter. Yasimuliwa kwamba Painter ndiye aliyemshauri abuni kitu ambacho mnunuzi akishakitumia hukitupa, kisha akarejea kununua kingine.

Wazo lilimjia mwaka wa 1895 alipokuwa akijinyoa. Zama hizo wanaume walitumia wembe mzito wa kukunja, ambao sharti unolewe kwa kinoo na kusuguliwa kwenye ukanda wa ngozi. Gillette alitaka chuma chembamba mfano wa karatasi, kisichohitaji kunolewa tena. Wataalamu wakamwambia haiwezekani. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyeutatua mtihani huo, na kampuni ikaundwa mjini Boston mwaka wa 1901. Mwaka wa 1903 ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata mashine zilizouzwa zilipindukia 90,000. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya Marekani iliwagawia askari wake mashine zipatazo milioni 3.5.

Hata hivyo, unafuu haukuletwa na hisani ya mwenye kampuni. Mashine yake iliuzwa dola 5, fedha nyingi mno kwa kibarua wa siku hizo. Hataza yake ilipokwisha mwaka wa 1921, wengine wakapata ruhusa ya kuunda mashine kama hiyo, naye akalazimika kuuza ile ya muundo wa zamani kwa dola 1. Ajabu ni kwamba Gillette mwenyewe aliuchukia ushindani. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1894, The Human Drift, alitaka viwanda vyote viwe mali ya shirika moja la umma. Aliaga dunia mwaka wa 1932 huko California, sehemu kubwa ya utajiri wake ikiwa imepotea baada ya soko la hisa kuporomoka mwaka wa 1929.

Ama kwa hakika, funzo liko hapo. Wembe wa pande mbili hutengenezwa na viwanda vingi katika nchi nyingi, nao huingia katika mashine yoyote ya aina hiyo. Kwa hivyo bei yake haiwezi kupaa. Mashine za kifahari zilizozuka baadaye, za nyembe tatu mwaka wa 1998 na za nyembe tano mwaka wa 2006, zina vichwa vyenye umbo la pekee. Ukishanunua mpini, umejifunga kwa muuzaji mmoja, nawe utalipa bei atakayo kila mara.

Kwa hivyo nawashauri wanafunzi wetu: maji ya moto, sabuni, wembe mpya usioazimwa mtu, na mkono usio na pupa. Ndevu hazijui bei ya chuma kinachozikata. Walimu nao wanaweza kulifanya jambo hili kuwa somo la uchumi darasani: kabla ya kununua kitu, uliza ni nani atakayekuuzia kijalizo chake, na kama yuko mwingine unayeweza kumwendea.