Dk. Johann Ludwig Krapf (1810–1881): Mtumishi Aliyeongozwa kwa Milango Iliyofungwa

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani, katika familia ya wakulima wa Kilutheri. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani aliyemdhania kuwa mtoto mwingine, akaugua karibu miezi sita. Akiwa kitandani alisoma Biblia kwa bidii. Miaka michache baadaye mwalimu mkuu wa shule yake aliwasomea wanafunzi habari za umisionari, na kijana Krapf akaanza kujiuliza moyoni kama naye anaitwa. Likizo ya Pasaka ilipofika alikwenda kwa miguu hadi Basel, Uswisi, kujitoa kwa kazi hiyo.

Kuyumba na kurudi

Mwaka 1827 alipokelewa katika chuo cha Misheni ya Basel. Hata hivyo, baada ya miaka miwili hivi alijiona hafai, akaondoka. Alisoma Theolojia Tübingen hadi mwaka 1834, kisha akawa mchungaji msaidizi. Huko nako mahubiri yake kuhusu siku za mwisho yalileta manung'uniko, naye akaiacha nafasi hiyo. Ndipo Peter Fjellstedt, mmisionari Mlutheri kutoka Sweden, alipomtia moyo aurudie wito wake wa kwanza. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia na Jumuiya ya Misheni ya Kanisa la Uingereza (CMS).

Milango yafungwa

Mwaka 1838 alifukuzwa Tigre. Mwaka uliofuata alifika Shoa, akatamani sana kuwapelekea Waoromo Injili. Mwaka 1842 alikwenda Misri kufunga ndoa na Rosine Dietrich, lakini walipotaka kurudi Shoa walizuiwa. Njiani, jangwani, Rosine alijifungua binti aliyeishi muda mfupi tu. Walimwita Eneba, yaani chozi, wakamzika huko huko.

Krapf hakukata tamaa. Alidhani kuwa angeweza kuwafikia Waoromo kutokea kusini, kwa njia ya pwani ya Afrika Mashariki. Januari 1844 alifika Unguja, na Sultani Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa watawala wa pwani. Mwaka huo huo yeye na mkewe walihamia Mombasa.

Kaburi la Mombasa

Mwezi Julai 1844 homa iliwashika wote wawili. Rosine alijifungua binti mwingine, akafariki tarehe 13 Julai, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, bara. Krapf, akiwa hoi kwa homa, angeweza kuliona pigo hilo kuwa amri ya kurudi nyumbani. Badala yake aliwaandikia wakuu wa misheni kwamba kaburi hilo ni ishara ya kuwaita kuanza kazi katika sehemu hii ya Afrika.

Tangu tarehe 8 Juni 1844, kabla ya msiba huo, alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja wa Mombasa. Kazi hiyo hakuiacha.

Rabai na safari za bara

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, Mlutheri mwenzake kutoka Württemberg, wakaanzisha kituo Rabai. Rebmann aliona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani. Mwaka 1851, katika safari ya kuelekea mto Tana, msafara ulishambuliwa na mwenyeji wake, Kivoi, akauawa. Krapf alirudi peke yake kwa njaa na kiu, akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki yake.

Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Mringe, mtu mlemavu, alibatizwa akiwa karibu kufa. Mwaka 1853 afya ilimlazimu Krapf kuondoka, na baadaye akakaa Korntal, Ujerumani. Mwaka 1862 alirudi pwani kwa muda kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, akarudi kwao akiwa kipofu.

Mavuno

Krapf alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kituo alichokitamani kati ya Waoromo hakukijenga kamwe. Lakini lugha aliyojifunza alipokuwa akiutafuta mlango wa kwenda kwao ndiyo iliyokuja kuwa lugha ya ibada kwa mamilioni ya watu. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850, na kamusi yake mwaka 1882, baada ya kifo chake. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikuta njia iliyokwisha kufunguliwa na waliotangulia.

Wito wa Krapf haukuja na ramani. Kila mlango uliofungwa ulimsogeza hatua moja kuelekea mahali ambapo hakuwa amepanga kwenda. Usharika unapohesabu miaka mia moja ya neema, unavuna pia mbegu iliyopandwa kwa machozi kando ya kaburi la Mombasa. Jina la Bwana lihimidiwe.