Watoto Wawili Mchangani

Mary Cassatt hakuolewa wala hakuzaa, lakini ukitaka kujifunza jinsi ya kumtazama mtoto, nakushauri uanzie kwake. Mwaka 1884 alichora kwa rangi za mafuta picha ya wasichana wawili wadogo ufukweni. Wameketi mchangani, wamevaa aproni nyeupe. Mmoja ameinamia ndoo na koleo lake dogo. Mwenzake uso umefichwa na kofia. Nyuma yao kuna bahari na matanga ya mashua. Hawatabasamu ili mtu mzima afurahi. Hawana habari na wewe kabisa!

Cassatt alizaliwa mwaka 1844 Pennsylvania, Marekani, kwenye familia yenye uwezo. Baba yake hakutaka kusikia habari ya binti kuifanya sanaa iwe kazi. Akasoma hivyo hivyo chuo cha sanaa Philadelphia, ambako wasichana hawakuruhusiwa kuchora mwili wa mtu aliye uchi kama wenzao wa kiume. Wao walichora sanamu za plasta. Mwaka 1866 akahamia Paris, na huko nako chuo kikubwa cha sanaa kilikuwa hakipokei wanawake. Basi akatafuta mwalimu binafsi, na kwa muda wake akawa ananakili picha za mabwana wa zamani katika jumba la Louvre.

Vita vya 1870 vikamrudisha nyumbani. Hapo mzee akaweka msimamo: chakula na malazi atagharamia, lakini rangi na turubai binti ajitafutie. Wanachuo wenzangu mnaolipiwa ada ya kozi moja huku moyo uko kwenye nyingine, hapa mnanielewa. Mimi rangi zangu nazinunua kwa kubana boom, na nyumbani wanaita huo mchezo.

Mwaka 1871 baadhi ya picha zake ziliteketea katika moto mkubwa wa Chicago. Kilichomwokoa ni askofu wa Pittsburgh, aliyemtuma Italia kunakili picha mbili za Correggio. Akavuka bahari tena. Mwaka 1877 maonyesho rasmi ya Paris yalipomkataa, mchoraji Degas akamwalika kwenye kundi la wale walioitwa Waimpresheni, watu waliochora maisha ya kawaida na mwanga unavyoonekana kwa wakati ule, bila kuficha alama za brashi. Alianza kuonyesha nao mwaka 1879. Miaka mitatu baadaye dada yake Lydia, aliyekuwa akimkalia achorwe, alifariki, na kwa muda Mary akashindwa kufanya kazi. Wale watoto wa mchangani walikuja baada ya msiba huo, na mwaka 1886 aliwapeleka kwenye maonyesho ya mwisho ya kundi.

Sasa njoo huku kwetu. Mtoto wa ziwani mara nyingi tunamwona kwenye bango la kichocho, au kwenye kalenda ya utalii akiwa pambo la jiwe la Bismarck. Wa kwanza anahurumiwa, wa pili anauza. Kichocho ni kweli kipo na mabango yabaki. Lakini nenda Igombe jioni, utamkuta mtoto anachimba kisima chake mchangani, pembeni ya dagaa walioanikwa, maji yanaingia, kingo zinabomoka, anaanza upya. Ana shughuli yake. Hakuna anayeona hilo linastahili rangi na turubai, na sisi tuliokua hivyo hivyo hatuna picha hata moja ya utoto wetu ulivyokuwa.

Uzeeni Cassatt alipata mtoto wa jicho. Operesheni hazikumsaidia, na kufikia 1914 alikuwa ameacha kuchora. Mwaka 1915 picha zake ziliwekwa kwenye maonyesho New York kuchangia kampeni ya wanawake kupata haki ya kupiga kura. Alifariki Ufaransa mwaka 1926. Watoto wake wawili wako Washington, bado wanachimba.

Wa Igombe nimeanza kuwachora mimi. Wewe mwenye kamera, au unayejua kuandika, ukifika pale kaa chini kidogo. Usimwite mtoto akutazame. Mwache amalize kisima chake.